Tope la Loch Duich: shajara ya mbizi za usiku, Januari

Ijumaa

Kutoka Glasgow hadi Kintail ni mwendo wa saa nne na ushei, na sehemu ya mwisho tuliikata giza likiingia. Januari huku kaskazini jua halina haraka: linachomoza inapokaribia saa tatu asubuhi, na saa kumi jioni limeshaaga. Gari limeshehenezwa mitungi ya hewa, mikanda yenye vipande vya risasi vya kuzamishia na makapu ya nguo nzito hata kioo cha nyuma hakina kazi tena. Kwenye usukani ni kiongozi wetu, mama wa miaka sitini na kitu anayeijua pwani ya magharibi ya Uskoti kwa chini kuliko kwa juu. Mwenzangu wa kuzamia ni fundi umeme, mtu wa maneno machache nchi kavu na ishara nyingi majini.

Jamaa zangu wa Tanga wakisikia nazamia usiku, tena kipindi cha baridi, huuliza kwa nini nisingoje kiangazi. Sababu ni maji yenyewe. Mwanga ukirudi mwezi Aprili, planktoni, viumbe vidogo mno vinavyoelea majini, huzaana kwa wingi na bahari inakuwa nzito, ya kijani, ukinyoosha mkono huoni vidole. Januari hakuna mwanga wa kuzikuza, kwa hiyo maji yamesafika na tochi inapiga mbali. Baridi nayo si kama watu wanavyodhani. Mkondo wa Atlantiki huleta huku maji yenye uvuguvugu kutoka kusini, na loch, hori la bahari la huku, hubaki kwenye nyuzi 7 au 8 hata nje barabara ikiganda. Halafu kuna suala la saa. Juni jua linazama saa nne na nusu usiku na giza kamili haliji. Atakayelitaka atakesha bure, huku usubi unamtafuna anapovaa suti. Januari saa kumi na moja jioni giza limeshatanda. Unazama, unatoka, unakula chakula cha usiku kwa wakati kama watu wengine.

Loch ya bahari ni mkono wa bahari ulioingia kati ya milima. Barafu ya zama za kale ndiyo iliyochimba mabonde haya, ikayafanya yawe na kina kikubwa ndani na kuacha kizingiti cha mwamba mlangoni, kisha bahari ikaja ikayajaza. Kizingiti hicho ndicho kinachoamua nani anaishi wapi. Pale mlangoni maji yamebanwa, yanakimbia, na viumbe wanaojilisha kwa kuchuja maji wamejazana kwenye miamba. Ukivuka ndani, mawimbi ya bahari kuu hayafiki, mkondo unalegea, na kila chembe inayoelea hatimaye inatua chini. Imetua hivyo kwa maelfu ya miaka, na sakafu imekuwa tope tupu. Wazamiaji wengi hupenda mlangoni. Mimi nimekuja kwa ajili ya tope.

Tumechagua wiki ya maji mafu kwa makusudi. Kwenye bamvua, Kyle Rhea, mlango mwembamba kati ya kisiwa cha Skye na bara, hukimbia mpaka noti 8, yaani maili nane za baharini kwa saa, na mikondo ya jirani zake nayo haina adabu.

Tulipita chini ya ngome ya Eilean Donan mwanga wa mwisho ukiisha. Imesimama juu ya kisiwa kidogo pale zinapokutana loch tatu: Duich, Long na Alsh. Watalii hudhani ni ya kale yote, kumbe mwaka 1719 meli za kivita za serikali ya Uingereza ziliipiga mizinga na baruti zikaimaliza, na hii inayopigwa picha ilijengwa upya kati ya 1919 na 1932. Leo hatujazama. Tumefungua makapu, tumepima mitungi, tumelala.

Jumamosi

Loch Carron, upande wa kaskazini, karibu na magofu ya ngome ya Strome iliyolipuliwa mwaka 1602. Ng'ambo ya maji ni Stromeferry, ambako kibao cha barabarani kinatangaza Strome Ferry na papo hapo kinaongeza kwamba hakuna feri. Reli ilifika pale mwaka 1870, na treni ya kwenda mji wa Kyle bado inapita ukingoni. Ukiwa majini na kichwa nje unaona madirisha yake yakipita gizani, halafu kimya.

Kuvaa ni kazi. Kwanza nguo ya ndani nene ya manyoya, kisha suti kavu yenye mpira unaobana shingoni, kofia nzito, glavu kavu zinazofungwa kwa pete, kisha risasi za kutosha kukuzamisha na hiyo hewa yote uliyovaa. Maji huiba joto la mwili haraka mara 25 hivi kuliko hewa, kwa hiyo kinachomweka mtu hai ni ile hewa kavu kati ya suti na ngozi. Unaposhuka inabanwa, suti inakufinya, unaongeza kidogo kutoka kwenye mtungi. Unapopanda inatanuka, unaitoa. Mtu aliyejifunza kuzama Pangani na kaptura na miwani, kama mimi, anachukua muda kuzoea kuogelea ndani ya nyumba.

Kiongozi alirudia masharti, ingawa sote tunayajua. Kila mtu tochi mbili na kitaa kinachomweka kimefungwa mtungini. Duara la mwanga sakafuni maana yake niko sawa. Mwanga unaopepewa kushoto na kulia kwa haraka maana yake njoo sasa hivi. Usimmulike mwenzako usoni. Simu na redio iliyowekwa chaneli 16, ya walinzi wa pwani, vibaki tayari ufukweni. Chumba cha mgandamizo cha kutibu wazamiaji kiko Dunstaffnage karibu na Oban, na kutoka hapa kwa gari si karibu. Hiyo ndiyo sababu hakuna anayejaribu kina kikubwa katika kundi hili.

Tuliingia maji yalipotulia kati ya kujaa na kupwa. Mita za juu ni mwani, majani mapana yamelegea, na kaa wenye macho mekundu wanainua magando kila mwanga unapowagusa. Kaa hawa wa mahameli hawajui kuogopa. Kisha ukuta wa mwamba unaanza na rangi nazo zinaanza. Mchana, ukifika mita 15, nyekundu imeshapotea kwenye maji na kila kitu ni kijani-kijivu. Usiku mwanga wako mwenyewe unarudisha yote. Ukuta mzima umefunikwa na vidole vya maiti, matumbawe laini meupe na ya rangi ya chungwa, na huu ndio msimu wao. Mwisho wa kiangazi hujifunga, hawali, wanaota uchafu juu ya ngozi mtu akadhani wamekufa. Desemba wanaivua ngozi ile, wanafungua vinywa vyote, wanazaa majini baridi ikiwa kali. Aliyewaona Septemba hawezi kuamini ni hao hao.

Katika kila ufa kulikuwa na magando marefu yanayotangulia mwenyewe: kamba wadogo wekundu wenye mistari ya buluu. Mchana hurudi nyuma ufani. Usiku wametoka wote, wamekaa vibarazani.

Polaki walitufuata tangu mwanzo, samaki wakubwa wa rangi ya shaba. Wamejifunza kwamba tochi inaonyesha chakula. Ukimmulika samaki mdogo ukamwangalia kwa muda, polaki anapita chini ya kwapa lako kwa kasi na samaki mdogo hayupo. Fundi umeme hufurahia mchezo huo. Mimi siupendi, kwa sababu samaki yule alikuwa amejificha vizuri gizani, na mwanga tumeuleta sisi. Nikiona polaki begani naigeuza tochi kando.

Hatukwenda hadi kwenye mlango wenyewe, ambako wapo kombe wa miali, *Limaria hians*. Wana nyuzi za rangi ya chungwa zinazochezacheza nje ya ganda, lakini kwa kawaida huwaoni, maana hushona kokoto na vipande vya makombe kwa uzi wao na kujifungia ndani. Viota vikiungana vinakuwa zulia moja linaloshika sakafu isichukuliwe na mkondo, na juu yake kunaota kila kitu. Aprili 2017 zulia la hapa lilipitiwa na meli inayokokota vyuma vyenye meno kwa ajili ya kombe wa kula. Wakati huo sheria haikukataza. Wazamiaji walishuka, wakapiga picha za kilichobaki, na picha zikasambaa nchi nzima. Mwezi uliofuata serikali ya Uskoti ilitangaza eneo hifadhi ya dharura, na mwaka 2019 ikawa hifadhi ya kudumu. Kiongozi wetu akisimulia habari hii hutumia lugha ambayo sitaiandika.

Jumapili

Dhoruba kutoka kusini-magharibi. Mvua ililala ubavu kutwa, vijito vya milimani vimegeuka vyeupe. Hakuna aliyetoa hata hoja ya kuzama. Tumekausha glavu juu ya jiko, tumejaza mitungi, tumecheza karata. Kiongozi anasema mvua hii itatufaa kesho, na hakueleza.

Jumatatu

Loch Duich. Mvua imekatika, hewa nyuzi 1, milima mitano ya Kintail wanayoiita dada watano ina theluji hadi nusu. Tumeegesha gari kando ya barabara ya ufukweni na kushuka kwa miguu juu ya mawe yenye mwani, jambo ambalo ukiwa na mzigo mzito mgongoni ndilo la hatari kuliko yote ya usiku huu.

Nilielewa maneno ya jana nilipozamisha uso. Mvua yote ile imeshuka milimani ikipitia udongo mweusi wa majani yaliyooza, ikaingia loch na rangi ya chai ya rangi. Maji baridi haya yasiyo na chumvi ni mepesi, hivyo yamekaa juu ya maji ya bahari. Mita mbili za kwanza sikuona mkono wangu mwenyewe, na yalikuwa ya baridi kali kuliko yaliyo chini yake. Kisha tulifika kwenye mpaka. Hapo maji ya mvua na ya chumvi yanachanganyika, na kila kitu kinatetemeka machoni kama sukari inayoyeyuka ndani ya bilauri. Nusu mita baadaye tumetokea upande wa pili: maji maangavu, yenye vuguvugu kidogo, na giza safi juu na chini. Tabaka lile la kahawia ndilo linaloifanya loch iwe na giza la mapema hata mchana wa kiangazi, na ndiyo sababu viumbe wa kina kirefu wanaonekana hapa kwenye mita ambazo mtu wa kawaida anafika. Dari limewekwa na mvua.

Mteremko wa kokoto, kisha kokoto zikapungua, kisha tope.

Kwa mgeni, hapa hakuna kitu. Sakafu ya kijivu inateremka taratibu, hakuna mwamba, hakuna mwani. Nimewahi kusikia watu wazima, wenye vyeti vya kila aina, wakisema tope ni mahali pa kupita ukielekea penye mambo. Wanapita wakiwa wamepiga mapezi, vumbi linapanda, hawaoni kitu, wanatoka wakithibitisha walichosema. Tope linataka mtu alale juu ya maji yake: magoti yamekunjwa, mapezi juu, unasogea kwa kufungua na kufunga miguu kama chura, mita moja kutoka sakafuni, na tochi umeishika mbali na uso ili chembe zisikuangaze wewe. Ukishatulia hivyo unaona kwamba sakafu yote ni milango.

Mashimo. Mengine yana ukubwa wa kidole, mengine yanapitisha ngumi. Vilima vidogo vinavyotema vumbi kama volkano ni vya minyoo na uduvi wanaochimba huko chini usiku na mchana, na kwa kuchimba wanaingiza hewa ya oksijeni ndani ya tope ambalo bila wao lingekuwa limekufa inchi chache tu kutoka juu. Mashimo makubwa, yenye mdomo uliolala mshazari, ni ya kamba wa matopeni, wale wanaoitwa langustini mezani. Macho yao meusi yana ukubwa wa ajabu na ukiyamulika kwa mbali yanarudisha mwanga, jozi moja moja, bonde zima. Kwenye kina hiki wanatoka usiku. Tena Januari hii anayetoka ni dume. Majike wenye mayai wamebaki ndani ya mashimo hadi mayai yaive, na hiyo ndiyo sababu madema ya wavuvi wa hapa yakivuliwa wakati wa baridi yanatoka na madume zaidi. Karibu wote watasafirishwa wakiwa hai kwenda Uhispania na Ufaransa. Niliwahi kuona dema moja limekaa kwenye tope hili na kamba watatu ndani, na wanne nje wakilizunguka kutafuta pa kuingilia.

Kwenye mdomo wa shimo moja, pembeni ya kamba, alikaa samaki mdogo mwenye madoa ya dhahabu. Wanakaa nyumba moja. Kamba anachimba, samaki anahamia.

Kwenye mita 18 tuliwafikia waliotuleta. Anemoni wa fataki: bomba limezama kwenye tope, na juu yake nyuzi ndefu zimetandazwa pande zote, nyeupe na zenye mikanda ya kahawia, upana wa sentimita 30 kutoka ncha hadi ncha, na katikati duara la nyuzi fupi nyeusi zaidi kuzunguka mdomo. Zinaelea bila kugusana. Mmoja, kisha mita tatu gizani, mwingine. Kisha mwingine. Ukitangulia na mwanga mkali au ukitikisa maji hujivuta ndani ya bomba na kubaki shimo. Uingereza yote makao yake makuu ni loch hizi za magharibi, na tangu 2014 tope hili la Duich, Long na Alsh ni eneo hifadhi, tope lenyewe na mashimo yake likiwa limetajwa kwa jina kwenye hati. Nafurahi kila nikikumbuka kwamba kuna ofisi mahali fulani iliyoandika hati ya kulinda matope.

Kisha kiongozi akatuita kwa duara dogo la mwanga. Mbele yake kalamu-bahari imesimama, nyekundu, ndefu kama kiganja, imechomeka shina lake kwenye tope na kufungua matawi mfano wa unyoya. Akatuashiria tuzibe tochi. Tukazikandamiza vifuani. Giza la pale halina mfano nchi kavu. Nilijua juu ni wapi kwa sababu tu mapovu yalipanda yakinigusa sikio. Akaigusa kwa ncha ya kidole, mara moja. Mwanga wa buluu ya kijani ukakimbia kutoka alipogusa hadi ncha, tawi kwa tawi, ukarudi, ukazima. Hakuirudia. Kila anapofika hapa huigusa moja tu na kwa mara moja tu, anasema kuwaka kuna gharama yake.

Kutoka majini, hose ya fundi umeme ilikuwa imeshaanza kuota barafu kabla hatujafika garini. Vidole vyangu havikuweza kufungua zipu na kiongozi alinifungulia akinicheka. Chai ya tangawizi kwenye chupa ilikuwa yangu, na wote wameinywa.

Jumanne

Asubuhi nimemwona fisi maji. Alikuwa kwenye mwani wa ufukweni, maji yamekupwa, anatafuna kaa kwa kelele ambazo zilisikika hadi barabarani. Alipomaliza hakurudi baharini, alipanda kijito kinachoshuka mlimani akajitumbukiza humo. Fisi maji wa pwani hii anavua baharini lakini lazima aoge maji baridi. Chumvi ikikaa kwenye manyoya hayashiki tena hewa, na baridi inampata. Nikatazama suti yangu imetundikwa baada ya kusuuzwa. Kazi yetu moja.

Mchana nilimpigia mjomba wangu wa Sahare, ambaye amezamia pweza na mkuki tangu kabla sijazaliwa.

"Shikamoo mjomba."

"Marahaba mjomba. Nimeona ile picha uliyotuma. Hilo ua la baharini linaliwa?"

"Haliliwi, mjomba."

"Sasa unaligandia usiku wa nini?"

Nikamwambia leo tunatafuta pweza. Hapo akanyamaza kidogo kwa heshima, akaniuliza sakafu ikoje, maji yana kina gani, mwezi uko wapi. Nikamjibu ni tope na kokoto, mita 10, nusu mwezi. Akasema pweza hakai kwenye tope, nikatafute jiwe.

Jioni tumerudi Duich, mahali pengine palipo na mchanganyiko wa kokoto, makombe matupu na tope. Kwa dakika ishirini za kwanza ilikuwa ni kombe-malkia tu, ambao ukiwapita karibu hupiga makofi kwa magamba yao na kuruka ovyo majini, wanaanguka, wanaruka tena. Samaki taa mmoja mwenye miba mgongoni alikuwa amejifukia, macho mawili tu juu. Halafu fundi umeme akaona kitu cha ukubwa wa kidole gumba kikielea juu ya tope na kubadilika rangi, kahawia, kijani, kung'aa, kahawia tena. Ngisi mdogo wa mviringo, *Sepiola*. Akatutazama wote watatu mmoja mmoja. Kisha akatua, akapuliza maji chini yake kwa bomba lake hadi akazama nusu, na kwa mikono miwili akaanza kujikokotea vumbi kichwani, kulia, kushoto, kulia, kama mtu anayejifunika shuka. Aliponyamaza yalibaki macho. Nikahesabu pumzi kumi. Mkono mmoja ukatoka, ukaongeza vumbi kidogo palipobaki wazi, ukarudi ndani.

Pweza tulimkuta tunaporudi, kwenye mita 8, na hakuwa kwenye jiwe. Alikuwa kwenye tope, anatembea wazi, rangi ya matofali, mikono imejikunja ncha. *Eledone cirrhosa* huyu huvua kaa usiku, na sisi tumemkuta kazini: kaa wa mahameli ameshafunikwa na utando wa mikono, gando moja limebaki nje likipunga. Alipoona mwanga alipauka wote, mweupe, kisha akawaka tena kwa mawimbi kutoka kichwani kwenda chini. Hakumwacha kaa wake. Alirudi nyuma naye hadi gizani. Nilipata kuona kile nilichotaka kumwonyesha mjomba: mkono ulipogeuka, vikombe vya kunyonyea vilikuwa safu moja. Pweza wetu wa kwetu ana safu mbili kila mkono.

Nimetuma picha. Jibu limekuja kabla sijavua soksi, ujumbe wa sauti wa sekunde sita: "Safu moja, mjomba? Huyo nusu pweza. Mrudishe."

Jumatano

Usiku wa mwisho tumeufanya mfupi, kwenye tope lile lile la Jumatatu, na tochi za buluu. Fundi umeme amezitengeneza mwenyewe, na juu ya miwani unavaa kioo cha manjano kinachokata ile buluu. Viumbe wengine wakipigwa na mwanga wa buluu hutoa mwanga wa rangi nyingine, na anemoni wa fataki ni mmoja wao. Unaogelea kwenye weusi mtupu, kisha mbele yako nyuzi za kijani kikali zimetandazwa, hazina shina, hazina sakafu, hazina kitu kinachozishika. Ni jambo zuri mno kwa macho, na nitasema wazi kwamba sikulipenda sana. Tope lilikuwa limepotea. Mashimo, vilima, samaki mdogo wa madoa ya dhahabu, wote hawaonekani kwa tochi ile. Nikaomba dakika za mwisho tuwashe mwanga wa kawaida, na hapo ndipo tulipoona, kwenye kijiti kilichozama, kifuko cha yai la papa-paka. Kina ukubwa wa kidole, kamba zake za pembe nne zimejifunga kwenye kijiti. Ukikimulika kwa nyuma, mtoto anaonekana ndani akipunga mkia bila kukoma, anayasukuma maji yapite apate kupumua. Atakaa humo miezi kadhaa.

Hilo lilituanzishia mazungumzo ya chakula cha usiku, maana kiongozi wetu akisikia yai la papa huenda moja kwa moja kwenye taa wakubwa wa hapa, wale wanaozidi mita mbili kwa urefu. Kuna mzamiaji anayeokota kombe ambaye, karibu na kisiwa cha Longay, si mbali na tulipo, alikuta sakafu yenye mayai yao mengi kati ya mawe. Yai lao moja huchukua mwaka mmoja na nusu hivi kuanguliwa, na kwa muda wote huo halina mlinzi. Mwaka 2021 pale napo pakatangazwa hifadhi kwa haraka. Kombe wa Carron, mayai ya Longay: mara zote mbili aliyeona kwanza alikuwa mzamiaji tu, mwenye tochi na macho.

Kwa hiyo tumemaliza usiku na fomu za Seasearch, mradi ambao wazamiaji wa kujitolea Uingereza na Ireland huripoti walichokiona. Tarehe, kina, joto la maji nyuzi 8, aina ya sakafu, kila kiumbe na wingi wake. Kiongozi ameandika kamba wa matopeni kuwa wengi. Fundi umeme anasisitiza ni wastani, kwa sababu yeye alihesabu mashimo yenye mwenyewe tu na siyo mashimo yote. Wamebishana hadi sufuria ikapoa. Mwishowe tumeandika wastani na kuongeza mstari kwenye maelezo: mashimo mengi sana, wenyeji hawakutoka wote, huenda majike yako ndani na mayai.

Fundi anataka turudi Machi, wakati samaki wale wa mviringo wenye kikombe cha kunyonyea tumboni wanapopanda kwenye maji ya kina kifupi na dume linaganda kwenye mwamba kulinda mayai. Ni kwenye miamba, bila shaka. Nimemwambia nitakuja, ila usiku mmoja uwe wa tope. Anasema sawa, mradi nije na chupa mbili za tangawizi.